Ubao wa Jumapili

Mtu ambaye hakukulia Korogwe hudhani mkonge unanukia kamba mpya. Mkonge unanuka uozo. Makapi yake, yakishatoka mashineni na kumwagwa mtaroni kuelekea mtoni, hutoa harufu ya kitu kilichochacha, inayoingia kwenye nguo, kwenye nywele na hata kwenye ugali. Lakini utotoni mwangu palikuwa na harufu nyingine iliyopanda juu ya hiyo, nami niliipenda: harufu ya lami iliyopakwa kwenye mbao ikapigwa na jua. Hiyo ilikuwa harufu ya gati. Leo ukiwaambia vijana wa Kilole kwamba Korogwe ilikuwa na gati wanakucheka, maana gati kwao liko Tanga, kwenye bahari na meli. Letu lilikuwa la mto, nguzo za mvule na mbao juu yake, likitoka ukingoni mpaka kwenye maji ya kina. Lilijengwa enzi za Mwingereza na shamba la mkonge alikofanya kazi baba yangu, ili bwana meneja apate mahali pa kufunga mashua yake na kuvua samaki siku za Jumapili.

Baba alikuwa fundi seremala. Yeye na mama walitoka Handeni wakikimbia njaa, mimi nikiwa bado mgongoni, na mtu wa Handeni ana maradhi yake kuhusu maji. Kule kwetu maji yalichimbwa. Wanawake walifukua mchanga wa kijito kikavu kwa mikono, wakangoja shimo litoe tope la kahawia, wakalichota kwa kata kidogo kidogo. Mama alipouona Ruvu, mto ambao kwenye ramani huitwa Pangani, aliona amefika peponi. Kila asubuhi alikwenda mpaka ncha ya gati, akashusha debe kwa kamba, akalipandisha limejaa maji safi, na kata ya kwanza alijimwagia miguuni kwa anasa tu. Wanawake wote wa kambi ya wafanyakazi walichota pale, kwa sababu mamba hawezi kupanda gati. Ukingoni, kwenye matete, watu walikuwa wamekwisha kuliwa.

Rafiki yake wa mtoni alikuwa Mama Kabula, Mnyamwezi, mke wa mmoja wa manamba walioletwa kukata mkonge. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako nawe utacheka. Hata msibani atavaa nguo za marehemu, amwigize anavyotembea na kusema, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Atampa mtani kuku au chochote, yaishe. Hao wawili walitaniana mpaka madebe yakasahauliwa.

"Mzigua, kunywa taratibu," Mama Kabula alikuwa akimwambia. "Juzi mlikuwa mnauzana kwa kibaba cha mahindi, leo mnaoga mara mbili!"

"Niondokee, mpagazi. Babu yako alipita hapa na pembe ya ndovu kichwani, ndiyo maana mpaka leo hamna shingo."

Kisha bwana meneja akaanza kulalamika kwamba madebe yanafukuza samaki na miguu ya wanawake inaacha tope kwenye mbao zake. Hakumfukuza mtu, wala hakumpiga mtu. Alikuwa Mzungu mpole, mwenye sauti ya chini. Alimwita baba, akamwagiza ang'oe mbao za katikati, pale matete yalipoishia na maji kuanza, libaki pengo ambalo hakuna mwenye debe kichwani angeweza kuliruka. Halafu akamwagiza achonge ubao mmoja mrefu, mwepesi, wenye mishikio. Ubao huo ulikaa nyumbani kwake. Kila Jumapili mpishi wake aliuleta begani, akauweka kwenye pengo, bwana na wageni wake wakapita na ndoano zao. Jioni ulirudishwa. Sisi watoto tuliuita ubao wa Jumapili, na tukaufanya mchezo: mmoja anakuwa bwana, mwingine analala chini kifudifudi anakuwa ubao. Tuligombania kuwa bwana.

Nakumbuka mama akiandaa chakula jioni ya siku ile mbao zilipong'olewa. Alimnawisha baba mikono kwanza, akamwekea ugali, ndipo akauliza.

"Baba Mwanaidi, ni wewe uliyezing'oa?"

"Ni amri, mama. Nisingezing'oa mimi, angezing'oa mwingine."

"Basi ungemwachia huyo mwingine."

Baba alikuwa ameambiwa azipasue zile mbao ziwe kuni za jikoni kwa bwana, lakini mkono wake ulikataa. Zilikuwa mbao nzito za mvule, bila kidonda cha mchwa. Akazibeba nyumbani, akatutengenezea mlango, sisi tuliokuwa tukining'iniza gunia kama majirani wote. Ulikuwa mlango mzuri kuliko wowote kambini, laini kwa nje, na kwa ndani bado una lami. Majirani walikuja kuusifu. Mama aliufungua kwa kiwiko, hata siku ambazo mikono yake haikuwa na kitu.

Wanawake wakarudi ukingoni. Wanaume walipigilia miti majini kuwazungushia uzio, kama walivyofanya wazee zamani, nao ukafaa mpaka masika. Mto ulipojaa uliibeba ile miti yote. Asubuhi moja ya mvua Mama Kabula na mama waliinama bega kwa bega kwenye maji ya kahawia. Mama Kabula alisikia rafiki yake akiguna, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani, akamdaka kanga. Kanga ikabaki mkononi mwake.

Walitafuta siku mbili. Tulichozika kilikuwa chepesi mno, waliobeba jeneza hawakupokezana njia nzima. Bwana meneja alituma gunia la mchele na salamu za pole. Wanaume waliula. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nami nilikula pia, kwa kuwa ulikuwa mchele na nilikuwa mtoto. Jumapili yake, ubao ulipita njiani begani kwa mpishi kama kawaida.

Siku ya kuondoa matanga wanaume walikuwa mkekani, karani wa shamba naye yupo, sahani yake magotini. Mama Kabula akatokea nyuma ya nyumba. Amejifunga ile kanga, debe tupu kichwani, anatembea kwa mwendo wa mama kabisa, vidole vya miguu nje na kiuno kimechoka. Watu wakaangua kicheko, kile cha msibani kinachouma mbavu. Nami nilicheka, maana kwa kitambo kidogo mama alikuwa amerudi. Alipita katikati ya watu mpaka mbele ya baba, akasimama ghafla, akapapasa hewa kwa kidole cha mguu.

"Fundi, mbao zimeishia hapa. Niwekee ubao, nipite."

Kicheko kikapungua.

"Bwana wako anawekewa kila Jumapili. Mimi ni mkeo, nimekupikia, nimekuzalia. Leo ni Jumapili yangu. Niwekee."

Mtu mmoja akamnong'oneza baba, "Mpe kuku, yaishe." Baba hakumsikia. Aliinuka, akaenda mlangoni, akaunyanyua mlango kutoka kwenye bawaba zake, akauleta akihema, akaulaza mbele ya miguu ya Mama Kabula, upande wa lami juu. Mama Kabula aliukanyaga, akavuka polepole na debe lake. Alipofika upande wa pili utani ulimwisha, akaketi chini akalia kwa sauti, na baba ndipo akalia naye.

Karani aliimaliza sahani yake. Lakini lami aliiona. Kesho yake walikuja askari wa shamba, baba akaambiwa ameiba mbao za bwana. Akafukuzwa kazi na chumba cha kambi tukanyang'anywa. "Msiba wa kujitakia hauna kilio, fundi," karani alimwambia, bado anachokoa meno. Mlango wakaupasua kuni, kama ilivyoagizwa tangu mwanzo. Aliyeagiza pengo hakuulizwa lolote. Nimeishi miaka mingi nikingoja hasira ile ipoe, haijapoa, na sioni aibu kusema hivyo.

Tulihamia Kwamndolwa. Baba alichonga milango ya nusu ya mtaa, na yetu ilikuwa gunia mpaka alipokufa, baada ya uhuru. Siku ya mazishi yake, jeneza lilipokuwa linatolewa, Mama Kabula, ambaye sasa mgongo ulikuwa umepinda, aliburuta kipande cha ubao akakiweka kizingitini. "Pita, fundi," alisema. "Na wewe umewekewa." Sijui kama alimsamehe au alimpiga kofi la mwisho. Wachukuzi walikanyaga wakapita.

Sasa nina bomba uani na mlango wa chuma. Ruvu umekonda. Kiangazi vishina vya nguzo za gati huonekana majini, na vijana huegesha pikipiki zao pale kuziosha, wakikaa juu ya vishina hivyo na simu zao, nao hawana kosa. Misiba imekuwa na viti vya kukodi na kipaza sauti. Watani hawaji, na wakija wanakaa kwa adabu, wanakula, wanaondoka. Mwenye kipaza sauti anatuambia kwamba kazi ya Mungu haina makosa, sote tunaitikia, hata pale aliyeua anapokuwa ameketi mstari wa mbele akijipepea. Mimi huinamisha kichwa nikijiambia kwamba si Mungu aliyeng'oa zile mbao. Wanangu nimewausia jambo moja tu. Nikifa, hata kama nitakuwa nimekufa kwa uzee kitandani, kabla hawajaenda kukodi viti waende kwanza wakamtafute Mnyamwezi.