Mnunuzi wa Kila Ijumaa

Verna Tollefson alithamini hisa katika mji wetu jimboni Wisconsin kwa miaka thelathini, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kuuliza. Mimi niliketi meza ya pili, nikimchapia ripoti.

Mwaka 1994 alifariki mzee Einar Brekke, mwenye kiwanda cha vifuniko vya mitungi. Binti yake, Marit, alituletea hesabu ya mhasibu: hisa laki nne, kila moja dola ishirini na sita, bei ya soko ya siku ya kifo.

"Kwa bei hii, kodi ya mirathi itanilazimisha niuze nusu," alisema. "Na wanaoweza kununua ni wale matajiri wa Chicago tu. Watakifunga kiwanda, Bi Verna."

"Bei imetoka wapi?"

"Sokoni."

"Soko ni watu, mwanangu. Nani alinunua?"

"Wewe unathamini hisa au unapeleleza fumanizi?"

"Yote mawili, nikipewa kahawa."

Verna alijua kuwa malori arobaini ya mahindi mabichi hayauzwi kwa bei ya kikapu kimoja. Akaomba rekodi za dalali aliyeuza hisa hizo. Kwa wiki ziliuzwa hisa thelathini hivi, karibu zote Ijumaa, kwa mnunuzi mmoja. Kwa mwendo huo, laki nne zingemalizika baada ya miaka mia mbili na hamsini.

Akampigia dalali simu.

"Si Einar mwenyewe!" dalali akacheka. "Mtoto wa mfanyakazi akizaliwa, mzee alikuwa akimnunulia hisa ishirini. Hakummegea zake. Alisema zawadi sharti uiendee dukani."

Verna akavua miwani. "Kumbe Jumatano ile tulizika soko zima."

Hayo ndiyo aliyoyaandika, akaomba thamani ya hisa ipunguzwe kwa theluthi. Afisa wa kodi alikuja, akasoma, akauliza, "Huyu mnunuzi wa Ijumaa yuko wapi sasa?" Verna akamsogezea kijikaratasi cha ibada ya mazishi. Walibishana hadi kahawa ikapoa, wakakubaliana robo. Kwa mkopo wa benki na kuuza nyumba ya ziwani, Marit aliilipa kodi. Hisa zote zikabaki kwake.

Ijumaa iliyofuata, dalali alipiga simu.

"Bi Verna, Marit katoka hapa sasa hivi. Kanunua hisa ishirini."

Verna, na ugonjwa wake ule ule, akaikumbatia simu kwa mikono miwili.

"Mtoto wa nani?"