Bendera ya Baraza la Dosia na Myron

Nyumba za mtaa wetu zimejengwa mbili mbili, zimeegemeana kama walevi wanaorudi kwao. Ukuta mmoja katikati, paa moja juu, baraza moja mbele. Kampuni ya makaa ndiyo iliyozijenga hivyo ili kubana matumizi. Makaa yakaisha, kampuni ikaondoka, ukuta ukabaki. Ukikohoa upande wako, wa upande wa pili anakuombea afya. Huku kwetu, kwenye milima ya Pennsylvania, hatuna siri. Tuna adabu tu ya kujifanya hatukusikia.

Nusu ya kushoto anakaa Theodosia Hlushko, ambaye sote tunamwita Dosia. Nusu ya kulia anakaa mdogo wake, Myron, na mkewe. Mimi nakaa peke yangu ng'ambo ya barabara, na dirisha langu linatazama baraza lao moja kwa moja, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuhadithiwa. Sina chama mimi, nina ulimi tu.

Dosia ni mjane. Anakata watu nywele katika chumba chake cha mbele, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa mjumbe wa chama cha Republican mtaani kwetu. Siku ya uchaguzi husimama nje ya jumba la zimamoto akigawa karatasi yenye majina ya wagombea wa chama, na watu huipokea bila kuisoma, kwa sababu imetoka mkononi mwa Dosia. Mumewe alipofariki, ujumbe ndio uliomwinua kitandani asubuhi. Wapweke wengine hufuga mbwa, yeye alikuwa na chama.

Urusi ilipoivamia Ukraine, Februari ile, mtaa mzima ulilia. Babu zetu walitoka huko kuja kuchimba makaa. Kila Kwaresima, wanawake wa parokia hukaa chini ya kanisa wakifunga pyrohy, vile vipande vya unga vyenye viazi na jibini ndani, vya kuuza Ijumaa. Mwaka ule tulifunga huku machozi yakidondokea unga, na hakuna mteja aliyelalamika kuhusu chumvi. Foleni ilifika barabarani. Republican na Democrat, watu ambao siku nyingine hawapeani hata kiberiti, walisimama pamoja kwenye baridi wakinunua pyrohy za kuisaidia Ukraine.

Na ile bendera ya Ukraine, ya buluu na njano, tafadhali likumbuke hili, aliyeitundika barazani ni Myron. Si Dosia. Myron alipanda ngazi, akatoboa nguzo ya katikati, akafunga kishikio cha chuma kwa mkono wake. Dosia alishika simu ili binamu yao Halyna, kule Ternopil, Ukraine, aone. Mtoto wa Halyna, Bohdan, alitokea nyuma ya mama yake akiwa na sare mpya ya jeshi iliyompwaya.

"Mjomba Myron," alisema, "imekaa upande."

"Ngazi ndiyo imekaa upande, mwanangu," Myron akajibu, akalia palepale juu ya ngazi.

Sijui ni siku gani upepo uligeuka. Rais wa wakati ule alikuwa Democrat, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipeleka silaha, basi wengi wa upande wa pili wakaanza kuona kasoro: kwanza katika kiasi, kisha katika sababu, mwisho katika Waukraine wenyewe. Mimi ni mzee, nakumbuka vita vya Iraq. Wakati ule rais alikuwa Republican, na Myron alimwita msaliti kila aliyeuliza tunakwenda kufanya nini huko. Hawa Democrat wanaodai mizinga leo walikuwa kwenye ngazi za kanisa na mishumaa, wakiomba amani. Wamebadilishana viti, basi.

Lakini nisimwonee Myron. Daraja letu la mtoni lilikuwa limefungwa miaka kadhaa, na kwenda kazini ilimbidi azunguke mlima mzima. Kila jioni televisheni yake ilimwambia kuwa fedha za daraja ziko Ukraine. Upande wa pili wa ukuta, televisheni ya Dosia ilisema vingine. Dosia aliongeza sauti, mdogo wake akaongeza, mpaka mimi huku ng'ambo nikawa nasikiliza taarifa mbili za habari bila kuwasha yangu.

Bendera zikaanza kushuka mtaani, moja baada ya nyingine. Zilizobaki zilikuwa kwenye nyua zenye vibao vya Democrat. Ikaisha hivyo: bendera ya bibi zetu ikawa na chama, na hakuna aliyetuita kikao kutuuliza.

Wendell Staudt, mwenyekiti wa Republican wa kaunti, alikuja kukatwa nywele siku moja ya vuli, mwaka wa pili wa vita. Nilikuwa nimekaa nikisubiri zamu yangu.

"Dosia, unajua nakuheshimu."

"Ukianza hivyo una jambo. Inamisha kichwa."

"Ile bendera."

"Imefanya nini?"

"Watu wanauliza. Mjumbe wetu, na baraza lake kama ofisi ya kampeni ya wale."

"Wendell, ile ni bendera ya bibi yangu."

"Mimi najua. Anayepita na gari hamjui bibi yako."

"Asimame basi, aulize."

"Nani anasimamisha gari siku hizi kuuliza?" Wendell akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kuna mtu anautaka ujumbe wako. Uchaguzi wa mchujo wa chama, Aprili, si mbali. Nisaidie nikusaidie."

Dosia alimaliza kumkata. Upande mmoja aliuacha mrefu kidogo kuliko mwingine, na sidhani kama mkono uliteleza.

Haikupita wiki, akaja Corinne Maddox wa Democrat, mwanamke mchangamfu, na sahani ya biskuti.

"Bi Hlushko, tumeguswa mno na ujasiri wako! Tungependa upige picha na mgombea wetu, hapahapa chini ya bendera."

"Binti, sijawapigia kura watu wenu tangu niote meno."

"Ndiyo maana picha itapendeza!"

Dosia alizileta zile biskuti jikoni kwangu. Alisema hawezi kuzila na hawezi kuzitupa.

"Nikiishusha, nimemuuza Bohdan," alisema. "Nikiiacha, mimi ni wa Democrat. Nielekeze mlango, jirani."

"Uza nyumba uhame."

"Nusu nyumba? Na Myron ukutani? Nani atainunua?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha akaweka kichwa juu ya meza yangu akalia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Myron naye alikuwa na yake. Akiingia klabuni, wenzake walipiga kelele: "Mleteeni Democrat wetu bia!" Baraza ni moja, na bendera inayoning'inia kwenye nguzo ya katikati haina upande. Mapema Desemba nilimsikia barazani.

"Dada, Mkesha wa Krismasi siji kwako kama hicho kitu bado kinaning'inia."

"Hicho kitu ulikitundika wewe."

"Nilitundika bendera! Sasa imekuwa kibao cha kura."

"Waliogeuza ni watu, si mimi."

"Na watu ndio ninaoishi nao, Dosia. Ninafanya nao kazi, ninakunywa nao. Nihamie wapi?"

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Ardhi ilikuwa imeganda. Nikavuta pazia tu.

Chakula cha Mkesha wa Krismasi kwetu si chakula tu. Ni vyakula kumi na viwili visivyo na nyama. Unatandaza nyasi kavu juu ya meza, kisha kitambaa cheupe, na unaweka sahani moja ya ziada kwa ajili ya asiyekuwepo. Tangu wazaliwe, Dosia na Myron hawajawahi kula chakula hicho kila mtu peke yake. Dosia hakuwa na mtoto. Mume alikuwa kaburini. Asubuhi ya Mkesha nilimwona akipanda kiti, akaishusha bendera, akaikumbatia kama nguo iliyotolewa kambani kabla ya mvua.

Myron alikuja, amevaa tai. Hakusema asante, alileta chupa. Mimi nilialikwa kama kila mwaka. Tukala, na simu ikaegemezwa kwenye sahani ya asiyekuwepo, kwa kuwa siku hizi wasiokuwepo hupiga. Halyna akatokea, na nyuma yake Bohdan, yuko likizo, amekonda, sare sasa inampwaya zaidi.

"Kaka Myron," Halyna alisema, kwa kile Kiukraine chetu cha jikoni, "nipeleke barazani. Mwanangu anataka kuona bendera yake."

Uso wa Myron uliiva kama biringanya.

"Nimeifua," Dosia akasema. "Ilishika moshi."

"Mkesha wa Krismasi unafua?"

"Hujanijua bado?"

Kule wakacheka. Bohdan akasogea karibu. "Ikikauka uitundike, mjomba. Nina ile picha yako ya ngazini, nawaonyesha wenzangu. Nawaambia mimi Amerika nina baraza."

"Itatundikwa, mwanangu," Myron alisema.

Simu ilipokatwa alikaa akilainisha kitambaa cha meza kwa kiganja, kama mtu asiyejua mkono wake unafanya nini. Mkono ukasimama penye mwinuko. Alifunua ncha ya kitambaa, nami nikaiona pamoja naye: katikati ya nyasi, imekunjwa vizuri, buluu na njano. Tulikuwa tumekula juu yake jioni nzima. Myron akarudisha kitambaa, akaomba apewe maharage.

Haikutundikwa. Januari Corinne aliacha kumsalimia Dosia. Alisema Dosia ametishwa na chama chake cha Republican na amekubali kutishika. Kumbe hata nguzo tupu inasomwa. Wendell alikuja na kamati yake wakakaa kwenye meza ileile, wakanywa kahawa, wakaweka viwiko juu ya kitambaa na kumsifu kwa busara. Dosia aliwamiminia. Aliniambia baadaye kwamba kila kiwiko alikisikia mbavuni.

Bohdan aliuawa Aprili, wiki ileile Bunge la Washington lilipokuwa likivutana kama msaada upelekwe au usipelekwe. Halyna alimpigia Dosia. Sikuisikia simu, nilisikia ukelele, na nilipofika dirishani Myron alikuwa ameshatoka kwake miguu mitupu, akaingia kwa dada yake bila kubisha.

Nilivuka barabara. Dosia alikuwa sakafuni. Myron alisimama mbele ya meza, akashika kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta. Vikombe vilivunjika. Zile nyasi za Krismasi zilikuwa bado pale, zikamwagika sakafuni, na bendera ikiwa kati yake.

"Myron," Dosia alisema, "uitundike wiki hii? Watasema ni kwa sababu ya kura."

"Waseme."

"Na klabuni je?"

"Nilimwahidi mtoto, Dosia! Nilimwambia itatundikwa!"

Kwetu nyumba ikifiwa hufungwa utepe mweusi mlangoni, na kila mpita njia huvua kofia. Hata watoto wanajua. Myron alikata kitambaa kirefu cheusi kutoka gauni alilovaa Dosia kumzikia mumewe. Akapanda ngazi ileile, akaitundika bendera, akaufunga utepe juu yake, mpana, ukining'inia hadi usawa wa kifua cha mtu. Safari hii hakuna aliyemwambia imekaa upande.

Gari la kwanza lilipita likapiga honi kwa furaha, na dereva akainua kidole gumba. Lori likapunguza mwendo, mtu akapaza sauti, "Hamieni huko basi!" Mwenzake Myron wa klabu alipita kwa miguu, akaitazama bendera, akaitazama njia, akaendelea. Kofia yake ilibaki kichwani. Corinne alikuja mbio, akaacha biskuti kwenye ngazi na kadi ya kushukuru kwa kusimama tena na haki, akaondoka kabla sijatoka mlangoni kumkamata. Myron alikaa ngazini karibu na zile biskuti, hajavaa viatu.

"Wanapigia honi nini?" aliniuliza. Mwenyewe mwaka mzima alikuwa anajua wanapigia nini.

Ndani, Dosia alikuwa ameanza kuchemsha ngano ya matanga, ile inayochanganywa na asali. Simu ikalia. Mikono yake ilikuwa imejaa asali, akanionyesha kwa kidevu niibonyeze, sauti ikajaa jikoni. Alikuwa Wendell.

"Nimepita hapo sasa hivi," alisema. "Basi umechagua upande, Dosia. Na mchujo ni Jumanne. Sitaweza kukutetea."

Dosia aliegemea jiko. "Wendell," alisema polepole, "utepe mweusi hukuuona?"

Nadhani alikuwa anajaribu kukumbuka kwa dhati.

"Utepe gani?"