Ng'ombe wa Matanga

Katika miaka ile ya salongo, kazi ya lazima ya serikali, Jumamosi asubuhi Bunia nzima ilikuwa barabarani na jembe mkononi. Hapakuwa na hiari. Usipofyeka majani mbele ya nyumba yako, wakubwa wa mtaa walijua pa kukupata. Ndiyo maana siku mume wangu alipomgonga mzee mmoja kwenye njia ya kuingia mjini, watu waliomkimbilia hawakuwa mikono mitupu.

Alikuwa akitoka Mahagi-Port na lori la tajiri wake, limejaa samaki wakavu. Alikuwa akienda mbio, sikatai. Samaki wakavu na mvua havipatani, na mawingu yalikuwa yamekwisha kufunga. Mzee alikuwa akivuka, akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Mume wangu alikanyaga breki, akachelewa. Alifungua mlango ashuke, mguu mmoja ulikuwa tayari nje, akaona mapanga na majembe yanakuja. Akarudisha mguu. Aliendesha moja kwa moja hadi kambi ya askari majandarme, akawakabidhi funguo na kusema ameua mtu.

Kwa madereva wote niliowajua, huko hakukuwa kukimbia. Ndivyo walivyofundishana: ukigonga mtu usisimame, jisalimishe kwanza, ulie baadaye. Lakini ofisa wa upelelezi aliponiita, alinipa mafundisho mengine, kwa sauti ya mtu anayepanga sahani mezani.

"Kuua bila kutaka, ile iko kosa moja," alisema. "Mutu anaweza kufungwa kidogo, anarudia kwake. Lakini kukimbia kisha ajali, ile délit de fuite, iko kosa ingine. Na kuacha mutu chini bila kumusaidia, ile iko ya tatu. Bwana yako iko na yote."

"Alikuya kwenu yeye mwenyewe," nilisema.

"Alikuya, ndiyo. Lakini aliacha mutu mu barabara."

Nilitaka kumuuliza kama yeye angeshuka mbele ya mapanga yale. Nikameza. Mwenye mume kifungoni hujifunza kumeza. Kosa la kwanza tungelibeba, maana mzee wa watu amekufa kweli. Hayo mawili mengine ndiyo yangemzika gerezani na kumnyang'anya permis ya udereva maisha yake yote, na watoto wetu walikuwa wakila kwa usukani ule.

Tajiri alitutafutia mtetezi wa mahakamani, mtu wa viatu safi hata wakati wa tope. Aliketi sebuleni kwetu, akakataa chai, akatupa amri moja tu.

"Musifike kwa ile familia. Batu ya pale ndiyo mashahidi. Hata mukipeleka kuku, parquet, benye kushitaki, itasema munanunua kinywa yabo. Pale chauffeur atapotea kabisa."

Mama mkwe wangu alikuwa amewasili siku hiyo kutoka Aveba, kwa ndugu zake wenye ng'ombe, akimvuta mmoja kwa kamba. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Matanga iko bado?" aliuliza.

"Iko bado, mama."

"Basi tunaenda. Mwenye kuua na haonekane kwa matanga, ule aliua kwa kutaka."

Mtetezi aliinua mikono, akaondoka. Niliwakasirikia wote wawili. Huyu na sheria yake, yule na sheria yake, na mume wangu ndiye aliyelala sakafuni kati yao. Lakini mfungwa ni mwana wa mama mkwe, na ng'ombe alikuwa wake. Nilishika kamba.

Tulimvuta yule ng'ombe kupita mjini mchana kweupe, watu wakitutazama, na kila hatua niliona ninapeleka ushahidi dhidi ya mume wangu mwenyewe. Pale matangani wanaume waligeuka kututazama tulipoingia. Mapanga yao yalikuwa yameegemezwa ukutani. Mama mkwe alivua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye udongo, nje ya mkeka. Mjane wa marehemu aliitazama kamba, akamfanyia kijana wake ishara aipokee. Hatukupewa maji. Tulikaa, tukalia, tukaondoka.

Siku ya kesi mvua ilipiga mabati hata hakimu akalazimika kupaza sauti. Mume wangu alisimama amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Mwendesha mashtaka alimwita mjane mbele.

"Citoyenne, batu ya huyu chauffeur balikuletea ngombe?"

"Balileta."

"Iko wapi?"

"Tulikula yote kwa matanga."

Watu wakacheka kidogo. Mjane hakucheka. Mwendesha mashtaka alimgeukia hakimu kwa mikono wazi, kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi. "Balimununua," alisema. Mtetezi wetu alinitazama mimi, kisha viatu vyake.

Mjane hakurudi kuketi.

"Siku ile mi nilikuwa mu salongo, na jembe," alisema. "Nilimuona anafungua mulango, muguu yake iko inje. Nilinyanyua jembe. Kama alishuka, mi ndiye nilikuwa namuua, bengine banamaliza tu. Andikeni na ile. Nani anapewa ngombe juu ya kujitia mu kosa yeye mwenyewe?"

Hakimu aliweka kalamu chini. Karani alimtazama, akangoja amri ya kuandika kosa la mjane, na amri haikuja.

Mume wangu alihukumiwa kwa kuua bila kutaka. Yale mawili mengine yalifutwa. Nilitoka mbio chini ya mvua, nikamkuta mjane kwenye baraza, nikapiga magoti mbele yake.

"Inuka," alisema. "Hapana kunishukuru. Nilisema kweli. Nilitaka kumuua, na siku zingine nataka bado."

Alifunga vizuri kitenge chake, akatazama mvua.

"Akitoka, akuye kwetu na miguu, bila gari. Mikono mitupu. Na siye tutakuwa mikono mitupu."

Nilimpelekea mume wangu maneno hayo gerezani, pamoja na sahani ya ugali na sombe. Hakula; aliniuliza kutoka pale hadi kwa mjane ni mwendo gani kwa miguu.