Kidole cha Mama Mkwe

Simu yangu ilizama ziwani siku ya Jumapili, saa kumi jioni, mbele ya wanakwaya wenzangu wote. Tulikuwa tumemaliza ibada, tukaenda kupumzika kwenye majabali ya ufukweni upande wa Ilemela. Mimi, ambaye ndiye mwalimu wa kwaya hiyo, nilikuwa nimesimama juu ya jiwe nikiwapiga picha. Niliwaambia wasogee kushoto, sauti ya nne wachuchumae. Niliporudi nyuma hatua moja ili wote waenee, mguu ukateleza. Mimi nilishika jiwe. Simu haikuwa na mikono ya kushikia.

Mwimbaji mmoja wa sauti ya nne, aliyekulia Ukerewe na anayelijua ziwa kuliko anavyojua nota, alivua shati akapiga mbizi mara tatu. Mara ya kwanza aliibuka na ndala ya mguu mmoja. Mara ya pili aliibuka mikono mitupu. Mara ya tatu alisema maji ya pale yana kina na chini ni tope, na kwamba ile simu ingekuwa sangara angeshaipata. Watu walicheka, nami nikacheka nao, maana ilikuwa simu ya siku nyingi, kioo kimepasuka, na nilikuwa nimeshaanza kuichoka. Sikujua bado imezama na nini.

Nilikuja kujua kesho yake shuleni. Kazi yangu ni kufundisha hisabati sekondari. Nota ni kazi ya jioni tu niliyoirithi kwa baba, aliyefundisha kwaya ya Kilutheri huko kwetu Kagera. Kwa miaka tisa nilikuwa nikitunga nyimbo kwa mkono kwenye madaftari, sauti zote nne, kisha kila ukurasa naupiga picha na kuuhifadhi kwenye akaunti yangu ya barua pepe. Madaftari yenyewe yaliliwa na mchwa mwaka tuliohamia Kiseke. Wakati ule sikusikitika sana, kwa sababu kila kitu kilikuwa mtandaoni. Nilijiona mtu wa kisasa.

Niliketi kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, nikaandika anwani yangu na neno la siri. Neno la siri likakubaliwa. Kisha ukaja ujumbe kwamba, ili kuthibitisha kuwa kweli ni mimi, namba sita zimetumwa kwenye simu yangu. Nikabonyeza palipoandikwa nijaribu njia nyingine. Njia nyingine ilikuwa kutumia namba za akiba nilizopewa siku nilipoweka ulinzi huo, nikaambiwa nizitunze mahali salama. Nilikumbuka vizuri sana nilikoziweka. Nilizipiga picha, nikazihifadhi ndani ya akaunti ileile.

Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa meza ya jirani, aliniuliza mbona nimeshika kichwa. Nilipomweleza alifikiri kidogo.

"Yaani umefunga mlango, ufunguo umeuacha ndani," akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Basi karudishe laini. Namba ikirudi, hizo namba sita zitakuja hata kwenye simu ya vitufe."

Lilikuwa wazo zuri, na zilikuwa zimebaki wiki mbili tu tamasha la kwaya lifanyike. Mchana ule nilikwenda polisi kuchukua taarifa ya upotevu, nikanunua simu ndogo ya vitufe, kisha nikaenda kwenye duka la kampuni ya simu mjini, si mbali na Mirongo. Dada wa kaunta alinipokea kwa upole. Akachukua namba yangu ya kitambulisho cha taifa, akanielekeza nibonyeze kidole kwenye mashine. Akatazama kioo chake, akanitazama mimi, akakitazama kioo tena.

"Baba, hii laini si yako."

"Ni yangu. Nina miaka mingi nayo."

"Imesajiliwa kwa jina la mwanamke. Mzaliwa wa Misungwi."

Hapo nikakumbuka. Kipindi tulipoambiwa laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole, kitambulisho changu kilikuwa hakijatoka, na cha mke wangu vilevile. Mtu pekee katika familia aliyekuwa na namba yake tayari alikuwa mama mkwe wangu. Mke wangu aliichukua laini yangu akaenda nayo kwao, ikasajiliwa, nami nikaendelea kuitumia kana kwamba nimezaliwa nayo. Kitambulisho changu kilipotoka niliahirisha kubadilisha jina, na kuahirisha kukageuka kusahau.

"Aje mwenyewe," dada akasema, "na kidole chake."

Hapa inabidi nieleze jambo. Mimi ni Mhaya, mke wangu ni Msukuma. Ukweni kwangu, mkwe wa kiume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawaketi mkeka mmoja, hawali pamoja. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa yetu nilimsalimia mama yule kutoka mlangoni nimeinamisha macho, naye akaniitikia akitazama kando. Sina shaka tulipendana. Kila msimu alinitumia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa sababu alisikia navipenda na chai. Lakini kila kitu kilipitia kwa mke wangu. Mimi na mama tulikuwa hatujawahi kuongea kwa dakika mbili mfululizo.

Na mke wangu, ambaye ni muuguzi, wiki ile yote alikuwa zamu ya mchana. Alimpigia mama yake simu jioni, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Kwani hiyo mashine haiwezi kuja huku?" mama akauliza.

"Haiwezi, mama."

"Mimi nina viazi vya kupanda."

"Mama, ni nyimbo zake zote. Miaka tisa."

Tukasikia kuku wa kule Misungwi wakiongea.

"Mwambie nitakuja Jumatano. Na hiyo mashine waisafishe."

Jumatano asubuhi nilimpokea stendi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitenge kipya, kapu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Baada ya hapo tukasimama kila mtu akitazama upande wake, kama wasafiri wanaosubiri magari tofauti. Nilikuwa nimepanga bajaji mbili, yake mbele na yangu nyuma. Dereva wangu alivumilia hadi kona ya kwanza, kisha akauliza kama mimi na yule mama tumegombana. Nikamwambia hapana, tunaheshimiana. Akasema yeye kwao Musoma heshima hailipiwi nauli mara mbili.

Dukani zamu yetu ilipofika, mama aliweka kidole gumba kwenye kioo cha mashine. Ikawaka taa nyekundu. Akaweka tena, nyekundu. Dada akamwomba ajaribu kidole cha pili, cha tatu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Nyekundu kila mara. Maisha yake yote mama ameshika jembe na kuchuma pamba, na kazi hiyo ilikuwa imeisugua mistari ya vidole vyake hadi ikaisha, hata ile iliyosomeka siku ya kusajili laini. Watu waliokuwa kwenye foleni walianza kutoa ushauri. Mmoja alisema anawe kwa sabuni. Mwingine akasema sabuni inaharibu, apake mafuta. Mzee mmoja alisema asugue vidole kwenye nywele, na mama, ambaye alikuwa na kilemba kizuri kilichochukua muda mrefu kufungwa, alimtazama kwa namna iliyomfanya mzee aache kuongea. Dada akatoa kopo lake la mafuta mkobani. Mama akapaka, akafuta, akajaribu. Nyekundu.

"Labda habonyezi vizuri," dada akaniambia. "Baba, hebu mshikie kidole, umsaidie kukandamiza."

Nikaiweka mikono yangu nyuma.

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Nusu ya foleni ilielewa papo hapo, nusu nyingine ikaelezwa na wale wa kwanza. Mama mmoja mnene alijitolea, akashika kidole cha mama mkwe akakikandamiza kama anayefunga gunia. Ilikuwa bure. Dada akageuza kioo chake ili tuone: katikati ya alama palikuwa peupe kabisa, lakini ukingoni, upande wa nje wa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, mistari ilikuwepo, imejipanga vizuri. Kumbe mpini wa jembe haufiki pale.

"Mama, kiegemeze kidole upande," nikasema, nikitazama sakafu. "Upande wa nje. Hapana, wa nje. Kama unavyolala ubavu."

Alijaribu. Kila alipokiegemeza, kiliteleza kikarudi katikati. Alijaribu mara nne au tano. Nilimsikia akipumua kwa kuchoka, nikaona aibu kwamba nimemtoa shambani kuja kusimamishwa mbele za watu. Nikataka kumwambia basi, turudi, nyimbo nitatunga nyingine. Kabla sijafungua mdomo alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanitazama usoni.

"Baba, hapa tunatafuta nini? Si kidole?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikatazwa kukupa mkono. Kidole si mkono. Shika."

Nikakishika. Kilikuwa kigumu na chepesi, kama kijiti kikavu, na kilinukia mafuta ya yule dada. Nikakilaza ubavu taratibu, nikakishikilia pale, nikahesabu moyoni. Ikawaka taa ya kijani.

Foleni ikapiga makofi. Mama akaufuta mkono wake kwenye kitenge bila haraka.

"Mzee wa nyumbani asijue," akasema. Nikamwahidi. Kesho yake mke wangu aliniambia kuwa nusu ya Misungwi inajua, na kwamba mama mwenyewe ndiye anayesimulia.

Tuliambiwa laini itarudi hewani baada ya saa moja, tukaenda kwa mama lishe wa jirani kula wali na sato. Mama alichagua meza ya ukutani, mimi nikakaa meza ya pili, tukapeana migongo. Katika hali hiyo, bila mmoja kumwona mwenzake, mama akaanza kuzungumza. Aliuliza hizo nyimbo zinahusu nini, nikamweleza. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana alikuwa kiongozi wa nyimbo katika kundi lao la kulima, na kwamba kulikuwa na mashamba waliyoitwa kwa sababu ya sauti yake, si kwa sababu ya majembe yao. Sikuwahi kulisikia hilo, hata kwa mke wangu. Nilimuuliza mengi. Samaki wangu alipoa.

Laini iliporudi nilitaka kumsindikiza stendi. Alikataa.

"Sijatoka Misungwi kuleta kidole tu. Nataka nikione hicho kitu."

Tukaingia steshenari moja yenye kompyuta za kukodisha. Nikaandika anwani na neno la siri, simu ndogo ikalia mkononi mwa mama, maana alikuwa ameiomba aishike yeye. Akainyoosha mbali na macho akanisomea namba moja moja, polepole, kama mwalimu anayesoma imla. Nikaandika ya sita. Akaunti ikafunguka, na kurasa zangu zote zikawa pale, na madoa yake ya kahawa na mistari niliyofuta.

Mama aliinama nyuma yangu akatazama kwa muda mrefu.

"Hizi ndizo nyimbo? Mbona ni herufi tu?"

"Ndivyo zinavyoandikwa, mama. D ni do, r ni re."

"Basi imba moja."

Niliimba kwa sauti ya chini ubeti wa kwanza wa wimbo tuliokuwa tukiuandaa kwa tamasha. Mtu wa fotokopi akasimamisha mashine yake. Mama alisikiliza akiwa ametazama dirishani, na nilipomaliza akasema ni mzuri, ila wanawake nimewaweka chini mno, wataimba kama wanaoogopa kuamsha mtoto.

Siku hiyohiyo nilichapisha namba mpya za akiba kwenye karatasi, nikaiweka nyumbani pamoja na cheti chetu cha ndoa. Nyimbo zote nikazichapisha pia. Alhamisi mazoezini niligawa kurasa, tukagundua kwamba wale wa sauti ya nne walikuwa wakiimba mstari mmoja wa wimbo wetu wa zamani tofauti na nilivyouandika, kwa miaka yote hiyo, nami sikuwahi kugundua. Wao walisema mimi ndiye nimekosea kuandika. Tuliulinganisha, na kwa kweli wa kwao ulikuwa mtamu zaidi, nikaufuta wangu kwa kalamu mbele yao.

Kisha, kwa ushauri wa mama, nikaupandisha wimbo wote wa tamasha juu kwa nota mbili. Kina mama wa sauti ya kwanza walilalamika kwamba nataka kuwapasua koo. Niliwaambia tujaribu mara moja tu. Walipofika kiitikio, mlinzi wa kanisa alikuja akasimama mlangoni na tochi yake, akabaki pale mpaka tulipomaliza.