Mwezi wa Kwenda Bangkok

Bangkok sijafika, lakini naijua kuliko baadhi ya watu wa Korogwe wanavyoijua Handeni. Mtu mwenye diploma ya umeme hapangi safari kwa kubahatisha. Nilinunua daftari la kaunta nikaandika siku kumi, moja baada ya nyingine. Najua treni ya kutoka uwanja wa ndege inapita juu ya barabara na inashusha wapi. Najua mtaa wenye misikiti na chakula cha halali. Najua jengo moja la maduka ambalo viyoyozi vyake tu vinatosha mtu kulipa nauli akaviangalie. Viyoyozi ndiyo kazi yangu. Nilisoma Tanga, nikaiva Maskati kwa miaka saba, na leo ukiingia mahali Korogwe ukakuta ubaridi uliotulia, usio na kelele, uliza fundi ni nani.

Maskati ndiko Bangkok iliponiingia kichwani. Kila mwaka, mwezi wa tisa, tajiri wangu alichukua mke na watoto wakaenda huko. Mimi niliwapakilia mabegi kwenye gari, kisha nikabaki kuangalia mitambo ya nyumba. Walirudi wamenawiri, wanacheka, watoto wananionyesha picha kwenye simu zao. Nikajiapia kwamba siku moja nitakwenda mimi, na begi langu nitalibeba mwenyewe. Nikarudi nyumbani, nikafungua karakana, nikajenga, nikaoa. Hakuna aliyenishika mkono. Mwaka huu nikaona wakati umefika. Nikaandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: mwezi wa tisa.

Kilichobaki ni mke wangu kukubali. Yeye ni Mshambaa wa Bungu, kule milimani, fundi cherehani ambaye wateja humfuata kutoka Mkumbara. Safari niliipanga ya watu wawili, na bila yeye nisingeitaka. Jioni moja nikamsomea siku zote kumi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuzuri," akasema. "Mjomba wako anasemaje?"

"Mjomba anahusikaje na Bangkok?"

"Anahusika na wewe."

"Mimi ni mtu mzima. Nina pasipoti, nina kadi ya njano ya chanjo, nina..."

"Una kila kitu, mume wangu. Ruhusa tu ndiyo huna. Maskati uliondoka kama mwizi wa kuku, mjomba akaja kusikia kwa watu Segera. Mimi sipandi ndege na mtu ambaye kwao hawajui alipo. Tukidondoka je?"

"Hatudondoki."

"Rubani umeshaongea naye?"

Kwetu sisi Wazigua mjomba si mtu wa kupita tu. Anayekwenda mbali anaaga kwake kwanza. Mimi sikuaga kwa sababu nauli niliitafuta mwenyewe na niliogopa kuambiwa nisiende. Tangu nirudi, mjomba hajawahi kunilaumu hata mara moja. Ananisalimia, ananyamaza. Ningependa zaidi angenigombeza.

Nilijaribu wiki mbili kumbembeleza mke wangu. Nilimwonyesha bwawa la hoteli, mto, masoko ya vitambaa. Anaangalia, anarudi kwenye cherehani: "Umeshakwenda kwa mjomba?" Fomu yake ya pasipoti ilikaa mezani hivyo hivyo, haijajazwa hata jina. Jumapili ya tatu nikawasha gari, ambalo ni la kwangu na limelipiwa, tukashika lami ya Handeni, kisha njia ya vumbi mpaka kijijini.

Tulimkuta mjomba barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo mmekuja na gari tu, au na habari pia?"

Nikamweleza. Sikuacha kitu: treni, hoteli, chanjo, halali. Mke wangu alikwisha kaa kwenye mkeka, anamsaidia kupukuchua. Mjomba alisubiri nimalize, akapangusa mikono.

"Hiyo Bangkok, mvua zake zinanyesha lini?"

Nikafunua daftari. Ukurasa wa chakula haukuwa na mvua. Wa hoteli haukuwa nayo pia.

"Mjomba, kule ni mjini. Watu hawalimi."

"Mvua haiulizi kama unalima."

Nikatoa simu. Mtandao ulisuasua, kisha ukafunguka, nikasoma kimyakimya.

"Soma kwa sauti," mke wangu akasema.

"Mwezi wa tisa ndio inanyesha kuliko miezi yote. Mitaa mingine inajaa maji."

Mjomba hakucheka. Mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu. "Sasa tajiri wako alikuwa anafuata nini huko?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Maskati, mwezi wa tisa, jua linaunguza. Likitokea wingu moja watu wanatoka nje kulipiga picha. Tajiri wangu alikuwa anafuata mvua. Katika picha zote wale watoto walikuwa wameshika miavuli. Miaka saba nimeziona, nikadhani ni fasheni ya huko. Hesabu yangu ya siku kumi haikuwa na kosa hata moja, isipokuwa mwezi.

Nikaona kama kosa moja limeshaonekana mbele yake, basi na la zamani nilitoe.

"Mjomba, safari ile ya kwanza sikukuaga."

"Najua. Nilikuombea hivyo hivyo. Ila kumwombea mtu usiyejua yuko wapi ni kazi ngumu, unaomba pande zote." Akasogeza mkeka. "Sasa nimejua upande."

Akanyanyua mikono, nasi tukanyanyua, akatuombea dua ndefu. Alimtaja mke wangu kabla yangu, na mimi sikuona vibaya. Tulipojipangusa nyuso akamgeukia.

"Mkwe, nyie wa Bungu mvua kwenu ni ya kugawa. Utaifuata mpaka huko?"

"Mimi, baba? Nimekua nikichomoa viatu kwenye tope. Sipandi ndege kwenda kwenye tope la wenzangu." Akachungulia simu yangu, kisha akachukua hindi jingine. "Tutakwenda mwezi wa kwanza, kukiwa kukavu."

Mimi nilisikia neno moja tu: tutakwenda.

Tuliondoka na debe la mahindi kwenye buti. Hata lami hatujaifikia, akaanza. Mafundi wa kule wanashona suti kwa siku ngapi? Cherehani zao ni za umeme zote? Hoteli ile yenye bwawa, wanawake wana saa yao? Njia nzima mpaka Korogwe aliniuliza, nami nilimjibu yote, maana hayo nilikuwa nayajua. Asubuhi yake alifunga kibanda cha cherehani na kwenda kupiga picha za pasipoti.