Mazishi ya Jicho la Shaba

Hata leo harufu ya spiriti ikinipata, nalikumbuka lile jicho kuukuu la bandia, la shaba, lililonuka spiriti, ambalo shangazi, mwanafunzi wa uuguzi, aliliazima chuoni ili ajifunze kupima macho. Mtihani ulikuwa kesho yake. Shangazi alipokwenda kwenye soko la Bwera, jirani yetu, mama mzee aliyetoka Butembo ng'ambo ya mpaka, alilikuta mezani akafanya ishara ya msalaba.

"Mutoto, hii jicho iko ya mutu! Tuizike."

Mimi, ambaye siku nyingine kutumwa nje kulikuwa adhabu kwangu, nilikimbia kuchimba kaburi kwenye shamba la kahawa, na wimbo wa mazishi nikauanzisha mwenyewe.

Shangazi aliporudi alilifukua kwa kucha, huku akilia.

"Pole, mama," jirani akamwambia. "Ilikuwa ya baba yako?"

"Ni ya chuo!"

"Basi chuo yote ije, tulie pamoja."