Siku Niliyowavusha Watoto Mto Mkavu

Chekeni tu, siku hizi hata mimi nacheka, lakini siku ile, mbele ya darasa la tano zima na mkufunzi kutoka chuoni, nilitamani ardhi ya Ipuli ipasuke inimeze na viatu vyangu mkononi.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Ipuli. Mkufunzi wetu, Mwalimu Maganga, alikuwa anakuja kunipima somo la jiografia, na kwetu Ulyankulu baba alishatangaza kwenye soko la tumbaku kwamba bintiye ni mwalimu (nilikuwa bado sijafaulu, lakini nani angemkatisha?). Nikifeli ningerudi nyumbani kwa uso gani? Basi nikataka somo la nje ya darasa, kwenye mto ulio nyuma ya shule, na badala ya kwenda kuutazama kwanza nikaiomba akili mnemba kwenye simu iniandikie andalio la somo. Ikaandika andalio limenyooka mpaka nikajipongeza: mto unatiririka mwaka mzima, wanafunzi wavue viatu, wavuke, wapime kasi ya maji kwa jani.

Sasa, anayepimwa haachi andalio lake, maana mkufunzi ana nakala na anafuata mstari kwa mstari. Tukafika, kiangazi hicho, mto ni mchanga mtupu na mbuzi wamelala katikati. Nikasema kwa kujiamini kabisa, "Vueni viatu." Wakavua, wakakunja suruali, wakashikana mikono wakavuka mchanga kwa uangalifu (mtoto mtiifu anaweza kukuua), mmoja akaweka jani lake chini akasubiri liondoke, na Mwalimu Maganga naye akavua viatu, soksi imetoboka, dole gumba linachungulia. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya asali akasimama.

"Mwalimu, mnaomba mvua?"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi akaniuliza taratibu, "Andalio hili kaandika nani?"

Kudanganya ningeweza. "Simu, mwalimu. Mimi sikuja kuangalia."

Nikaikunja ile karatasi, nikawauliza watoto: simu inasema kuna maji, macho yenu yanasemaje, na maji yamekwenda wapi? Wakachimba kwa mikono mpaka mchanga ukalowa, maji yakaanza kujikusanya shimoni, na somo la mito ya msimu likanitoka lenyewe, maana maji ya visima vya namna ile ndiyo yaliyonikuza. Watoto waligombea kujibu. Mwalimu Maganga alipiga magoti kuchungulia shimo, suruali ikachafuka, asijali.

Nilifaulu. Alama za maandalizi alinikata, tena kwa haki. Akili mnemba bado naitumia, sina ugomvi nayo, ila mahali ambapo miguu yangu haijafika sipafundishi tena. Ipuli wananiita Madamu Mto Mkavu, hata wazazi sokoni, nami naitika kichwa juu. Na baba huko Ulyankulu anasimulia kwamba bintiye alitoa maji mchangani. Habari ya mbuzi sijamwambia.